Kalibu na Tofali: Tovuti Tuli na Mwandishi wa Kiswahili Pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam

1.0 Utangulizi



Yeyote apitaye Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, au Barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta na Bunju, hukutana na kazi moja inayofanyika hadharani kando ya njia. Vijana huchanganya mchanga, saruji na maji, hushindilia mchanganyiko huo ndani ya kalibu, kisha hufyatua tofali na kuliacha likauke. Mnunuzi afikapo hakuti mchanga na saruji, hukuta tofali. Hasubiri lifyatuliwe mbele yake, wala kazi haianzi upya kila ajapo mnunuzi mwingine. Ninaomba wasikilizaji waishike taswira hii, kwani ndiyo itakayotuongoza katika jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza liko mbali na taaluma yetu: namna mtu binafsi anavyoweza kuchapisha tovuti yake mwenyewe kwa kutumia programu iitwayo jenereta ya tovuti tuli.

Hoja ya mhadhara huu ni moja. Tovuti tuli humpa mwandishi wa Kiswahili asiye na mchapishaji njia nyepesi ya kumiliki na kuhifadhi maandishi yake. Hata hivyo, kalibu zinazotumika katika kazi hiyo zimechongwa kwa kufuata sarufi ya Kiingereza. Kuzichonga upya ili zikubali umbo la Kiswahili si kazi ya mafundi wa kompyuta peke yao. Ni kazi ya wanaisimu, na kwa hiyo ni kazi yetu.

Ili hoja isielee hewani, tumfikirie mtu mmoja wa kubuni. Huyu ni mwalimu mstaafu aishiye Mbagala, Wilaya ya Temeke. Kwa miaka mingi amekuwa akiandika katika madaftari yake methali, visa vya mitaa na nyimbo alizozisikia kwa wazee wa Kizaramo, pamoja na mashairi yake mwenyewe. Madaftari hayo yamo ndani ya sanduku chini ya kitanda. Mvua za masika zikiingia ndani, au mwenyewe akiitwa na Mola wake, yaliyomo yatapotea. Nitamrejea mwalimu huyu mara kwa mara, kwa kuwa kila mmoja wetu anamfahamu mtu wa namna yake.

2.0 Kutoka Muswada hadi Wavuti

Tatizo la mwalimu wetu si geni katika historia ya maandishi ya Kiswahili. Kwa karne kadhaa tenzi na mashairi ya pwani yaliandikwa kwa hati za Kiarabu na kunakiliwa kwa mkono. Uhai wa utenzi ulitegemea idadi ya nakala: ulioliwa na mchwa katika nyumba moja uliweza kusalimika katika nyumba nyingine. Orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu ya maktaba ya chuo kikuu hapa Dar es Salaam, iliyotayarishwa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka 1970, ni ushahidi wa jinsi familia nyingi zilivyokuwa walinzi wa fasihi kabla ya kuwako kwa taasisi za kuihifadhi.

Uchapaji ulileta sura nyingine. Gazeti la Msimulizi lilianza mwaka 1888 huko Unguja chini ya wamisionari, Kiongozi likafuata Tanga mwaka 1904, na Mambo Leo likaanza Dar es Salaam mwaka 1923. Magazeti haya yaliwapa wasomi wa Kiafrika uwanja wa kuandika, lakini mlango wa uwanja huo ulikuwa na bawabu. Mmisionari, serikali au mhariri ndiye aliyeamua ni shairi lipi lichapwe na ni lipi lirudishwe kwa mwenyewe.

Mwaka 1991 Tim Berners-Lee, akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, aliwafungulia watu wa nje ya kituo hicho mfumo wa wavuti. Kiswahili hakikuchelewa sana kuingia humo. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha, miongoni mwa waasisi wa uandishi binafsi wa Kiswahili mtandaoni, alianza kuandika katika ukurasa wake alioupa jina la Jikomboe. Mwaka huohuo mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria ya ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili. Ilionekana kana kwamba bawabu ameondoka mlangoni.

Hata hivyo, aliondoka bawabu akaingia mwenye nyumba. Waandishi wengi walijenga kurasa zao ndani ya huduma za bure za makampuni ya ng'ambo. GeoCities, iliyokuwa makao ya kurasa binafsi za watu wa mataifa mengi, ilifungwa mwezi Oktoba mwaka 2009, na kurasa zake zikaondolewa. Zilizosalia ni zile tu ambazo watu na taasisi za hifadhi waliwahi kuzinakili. Aliyeandika humo alidhani kuwa ana kiwanja chake, kumbe alikuwa mpangaji asiye na mkataba. Funzo la muswada linarejea hapa: andiko huishi kwa wingi wa nakala, na nakala iliyo muhimu kuliko zote ni ile iliyo mikononi mwa mwandishi mwenyewe.

3.0 Tovuti Tuli ni Nini

Kivumishi tuli tunacho tayari katika istilahi za sayansi, kwa mfano katika umeme tuli. Tovuti tuli ni ile ambayo kurasa zake zimekwisha kutengenezwa zikakamilika kabla msomaji hajazihitaji. Zimehifadhiwa katika seva kama mafaili, na msomaji akiomba ukurasa, seva humkabidhi faili kama lilivyo. Hili ni tofali lililokwisha kukauka.

Kinyume chake ni tovuti badilifu. Hapa maandishi hukaa ndani ya hifadhidata, na ukurasa huundwa upya kila msomaji anapouomba. WordPress, iliyotolewa mwaka 2003, ndiyo programu mashuhuri ya aina hii. Ni sawa na fundi anayechanganya saruji mbele ya kila mnunuzi. Utaratibu huo unafaa sana kwa benki au kwa duka ambalo bei zake hubadilika kila saa, lakini ni mzigo mkubwa kwa shairi ambalo halitabadilika tena. Aidha, hifadhidata na programu zake huhitaji kusasishwa kila mara; zikipuuzwa, wahalifu hupata upenyo wa kuingia.

Kurasa za kwanza za wavuti zote zilikuwa tuli, ila ziliandikwa moja moja kwa mkono. Ukitaka kubadilisha jina la tovuti katika kurasa mia, ulilazimika kufungua mafaili mia. Jenereta ndiyo iliyoondoa usumbufu huo. Jekyll ilitolewa mwaka 2008, na Hugo mwaka 2013; zote mbili ni programu huria zisizotozwa ada. Kwa mkazi wa Mbagala neno jenereta humkumbusha mtambo unaonguruma umeme unapokatika. Tofauti ni kwamba hii huzalisha kurasa, wala haihitaji kuendelea kunguruma: ikishazalisha, huzimwa, na kurasa hubaki.

Kazi yenyewe ina hatua tano. Kwanza, mwalimu wetu huandika kila shairi au kisa katika faili lake la maandishi matupu. Alama chache humtosha, kwa utaratibu uitwao Markdown ambao John Gruber aliutoa mwaka 2004: alama ya reli mwanzoni mwa mstari huonyesha kichwa, na nyota huonyesha msisitizo. Pili, juu ya kila faili huweka mistari michache ya maelezo, yaani jina la andiko, tarehe na mada. Tatu, huchagua kiolezo, ambacho ndicho kalibu yetu. Humo mna umbo la ukurasa, rangi, mahali pa kichwa na mahali pa tarehe. Nne, hutoa amri moja, na jenereta hupitisha kila faili katika kiolezo na kuweka kurasa zilizokamilika ndani ya kabrasha moja. Tano, hulipakia kabrasha hilo kwenye seva.

Hatua nne za mwanzo hazihitaji intaneti, ilmradi programu na kiolezo vimekwisha kupakuliwa. Jambo hili lina uzito kwa mtu anayenunua bando la data kwa siku au kwa wiki. Andiko la maneno 2,500 ya Kiswahili lina ukubwa wa takribani kilobaiti 18 tu. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kawaida yenye megabaiti 3 na nusu ni kubwa mara 200 hivi kuliko andiko hilo. Kwa hiyo mwalimu anaweza kupakia kazi ya miaka yake yote kwa gharama ya picha chache, na msomaji wa Tandale au Chamazi akaisoma kwa salio dogo. Isitoshe, kabrasha zima la mafaili huingia katika flashi moja. Akimpa mwanawe nakala moja, mjukuu nakala ya pili, na maktaba ya shule nakala ya tatu, atakuwa amerejesha desturi ya wanakili wa tenzi.

4.0 Sarufi Iliyofichwa ndani ya Kalibu

Hadi hapa nimezungumza kama fundi. Sasa nizungumze kama mwanafunzi wa lugha. Kalibu ya tofali haisemi lugha yoyote, lakini kalibu ya ukurasa husema. Ndani yake mna dhana kuhusu wingi, upatanisho, neno na herufi, na dhana hizo kwa kawaida ni za Kiingereza. Nitataja mambo matano.

4.1 Wingi

Mwalimu akitumia Hugo na kuliita kabrasha lake shairi, atashangaa kuona kichwa cha orodha kimeandikwa Shairis. Akiliita makala, atapata Makalas. Programu imechukua jina la kabrasha na kuliongezea kiambishi tamati cha wingi cha Kiingereza, ikiamini kwamba kila lugha duniani hufanya hivyo. Sisi twajua kuwa wingi wa nomino za Kiswahili hutambulishwa na viambishi awali vya ngeli, na kwamba neno kama makala halibadiliki. Dawa ipo: mstari mmoja katika faili la usanidi usemao pluralizeListTitles = false huizima tabia hiyo. Lakini angalia maana ya dawa yenyewe. Mashine haikufundishwa wingi wa Kiswahili. Imenyamazishwa tu ili isiseme wingi wa Kiingereza.

4.2 Upatanisho wa kisarufi

Violezo vingi huweka chini ya kichwa sentensi moja isiyobadilika, inayoeleza kuwa kitu fulani kiliandikwa tarehe fulani. Mfasiri wa haraka ataandika Iliandikwa. Sentensi hiyo inaifaa hadithi na insha, lakini shairi liliandikwa, kitabu kiliandikwa, na makala yaliandikwa. Sentensi moja haiwezi kuwa mavazi ya ngeli zote.

Njia mbili zinawezekana. Ya kwanza ni kuukwepa upatanisho kwa kutumia nomino peke yake: Tarehe, kisha nukta mbili, kisha siku yenyewe, Mwandishi, nukta mbili, kisha jina. Ni njia salama na ndiyo ninayompendekezea mwalimu. Ya pili ni kuongeza katika maelezo ya kila faili kipengele cha ngeli, ili kiolezo kichague kiambishi kinachostahili. Hapa kalibu inakuwa imejifunza sarufi kwa kweli. Njia hii si ngumu kwa fundi, ila fundi hawezi kuibuni kama hakuna wa kumwambia kuwa ngeli ni nini.

4.3 Herufi ng' na kibainishi chake

Sauti ya nazali ya kaakaa laini tunaiandika kwa herufi mbili na kibainishi, kama katika ng'ombe na ng'ambo. Kwetu kibainishi hicho ni sehemu ya tahajia. Kwa mashine ni alama ya kufunga nukuu. Mwalimu akiandika jina la andiko 'Ng'ombe wa Babu' kati ya nukuu za mkato mmoja mmoja katika maelezo ya faili, mashine itadhani kuwa jina limeishia kwenye Ng, na ujenzi wa tovuti nzima utakwama. Kinga yake ni kutumia nukuu za mikato miwili: "Ng'ombe wa Babu".

Shida haiishii hapo. Jina la andiko linapogeuzwa kuwa anwani ya ukurasa, mitambo mingine huifuta alama hiyo na mingine huweka kistari mahali pake. Inapofutwa, ng'oa, yaani kutoa kitu kilichosimikwa ardhini, na ngoa, yaani uchu au wivu, huwa anwani moja. Vilevile, baadhi ya jenereta huigeuza alama iliyonyooka kuwa alama iliyopinda ili ukurasa upendeze. Msomaji akitafuta ng'ombe kwa alama iliyonyooka ya simu yake, huenda asimpate ng'ombe aliye mbele ya macho yake.

4.4 Neno na muda wa kusoma

Tovuti nyingi siku hizi humwambia msomaji andiko litachukua dakika ngapi. Hugo hupata makadirio haya kwa kugawanya idadi ya maneno kwa 213, kiwango cha maneno yanayosomwa kwa dakika moja. Kwa Kichina, Kijapani na Kikorea imewekewa kiwango tofauti. Kwa lugha ambishi bainishi kama Kiswahili hakuna kiwango cha pekee. Chukua neno tutakapowaandikia. Mashine hulihesabu kuwa neno moja, lakini limebeba nafsi ya mtenda, wakati, urejeshi, mtendwa, mzizi na kauli ya kutendea. Kiingereza kingehitaji maneno sita hivi. Ni dhahiri kuwa dakika zitakazotangazwa zitakuwa pungufu. Je, msomaji wa Kiswahili husoma maneno mangapi kwa dakika? Hilo ni swali la utafiti ambalo mwanafunzi wa shahada ya umahiri anaweza kulifanya kuwa mada yake.

4.5 Utafutaji na lebo ya lugha

Programu za utafutaji ndani ya tovuti tuli aghalabu hutumia mbinu ya kupata shina kwa kukata mwisho wa neno, kwa kufuata kanuni aliyoichapisha Martin Porter mwaka 1980 kwa ajili ya Kiingereza. Kiswahili hubadilika sana mwanzoni. Atafutaye kitabu hapati vitabu. Atafutaye mwalimu hapati walimu. Na atafutaye andika hapati waliandika. Wanaleksikografia wetu walikabiliana na tatizo hili zamani. Kuanzia kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, kitenzi huorodheshwa kwa shina na nomino kwa umoja. Mwalimu wetu afuate desturi hiyohiyo anapoweka mada za maandiko yake: aandike methali, wimbo, kisa na shairi, wala asichanganye wimbo katika faili moja na nyimbo katika jingine, maana mashine itazifanya kuwa mada mbili.

Hatimaye kuna lebo ya lugha. Kila ukurasa hubeba alama isiyoonekana inayotangaza lugha yake. Faili la usanidi la Hugo huanza likiwa limeandikwa en-us, na mwandishi asiyejua huliacha vivyo hivyo. Msomaji asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea kwa sauti, ndiye anayeumia: programu huamini lebo na kuyatamka maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kimarekani. Herufi mbili tu, yaani sw, huondoa adha hiyo. Hali kadhalika, nyimbo za Kizaramo zinapoingia katikati ya maelezo ya Kiswahili zinastahili lebo yake, ambayo katika viwango vya kimataifa ni zaj. Lugha isiyotajwa kwa jina ndani ya faili huhesabiwa kuwa lugha nyingine.

5.0 Gharama, Sheria na Mipaka

Haitakuwa haki kuisifu njia hii bila kutaja mipaka yake. Programu ni huria, na zipo seva zinazopokea tovuti tuli bila malipo. GitHub, kwa mfano, huruhusu tovuti yenye ukubwa wa hadi gigabaiti moja, nafasi inayotosha maelfu ya maandiko ya mwalimu wetu. Lakini tusisahau habari ya mpangaji. Seva ya bure ni ya kampuni, na kampuni hubadili nia. Busara ni mwandishi kulipia jina lake la kikoa. Katika mfumo wa.tz watu binafsi wametengewa .me.tz. Mwenye jina lake na mafaili yake anaweza kuhama kutoka seva moja hadi nyingine, na wasomaji wakaendelea kumkuta kwa anwani ileile.

Pili, wakazi wengi wa jiji hili hutumia intaneti kwa simu, ilhali jenereta hizi zimebuniwa kwa ajili ya kompyuta, tena kwa dirisha la amri ambalo humtisha asiyelizoea. Inawezekana kuandika faili kwa simu na kuiachia seva kazi ya kuzalisha kurasa, lakini matayarisho ya mwanzo yanahitaji kompyuta na mtu wa kuelekeza. Hapa ndipo mwanafunzi mwenye kompyuta anapohitajika kuketi na mwalimu mwenye madaftari.

Tatu, kuna sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye kurasa binafsi za uandishi wapate leseni, na jumla ya ada za mwaka wa kwanza ilizidi shilingi milioni 2. Waandishi kadhaa walinyamaza, na mwezi Juni mwaka huo hata Jamii Forums ilisimamisha huduma zake kwa muda. Kanuni hizo zilifuatwa na nyingine za mwaka 2020, ambazo nazo zimerekebishwa tangu hapo. Utuli wa tovuti haumwondoi mtu chini ya sheria. Anayetaka kuchapisha hana budi kusoma kanuni zilizopo siku anapochapisha, hususani akikusudia kuandika habari na mambo ya siku.

Nne, kuna adabu ya maarifa. Katika madaftari ya mwalimu mna nyimbo alizopewa na wazee, na pengine nyingine ni za jando au unyago, ambazo waliozifundisha hawakukusudia zisikike nje ya kumbi. Wavuti haina ukumbi wa siri. Kilichopakiwa leo kitanakiliwa kesho na watu ambao mwandishi hatawajua kamwe, na sifa ileile ya kudumu ninayoisifu huwa hatari hapa. Ruhusa ya wenye nyimbo iombwe kwanza. Isipopatikana, wimbo ubaki daftarini, na daftari lihifadhiwe vyema.

6.0 Wajibu wa Wanaisimu

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na tangu wakati huo tumekuwa hodari wa kuunda istilahi. Tumebishana kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na mabishano hayo yalikuwa na faida yake. Lakini mifano niliyoitoa inaonyesha kuwa istilahi ni sehemu ndogo ya tatizo. Unaweza kufasiri kila neno la kiolezo na bado ukabaki na Shairis. Kilichofasiriwa ni msamiati. Kilichobaki ndani ya mashine ni mofolojia ya lugha nyingine.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara zetu za Kiswahili na za kompyuta zishirikiane kutengeneza kiolezo kimoja huria cha Kiswahili, chenye upatanisho sahihi, majina ya siku na miezi, na utunzaji wa ng'. Pili, watafiti wa mofolojia waandike kanuni za kupata shina la neno kwa namna ambayo mashine inaweza kuzifuata. Maarifa hayo yamo tayari katika tasnifu zilizo kwenye rafu zetu. Tatu, kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekwenda uwandani, iwe Temeke au Kinondoni, akabidhiwe jukumu la kurudisha kwa msimulizi nakala ya alichokusanya ikiwa imepangwa katika mafaili ambayo msimulizi na familia yake watayamiliki. Si haki tuchukue mchanga wa watu tukafyatulie matofali ya nyumba zetu peke yetu.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kuwa jenereta ya tovuti tuli ni chombo rahisi kinachomrejeshea mwandishi mdogo mambo mawili aliyoyapoteza kwa nyakati tofauti: wingi wa nakala uliokuwa kinga ya muswada, na umiliki uliomponyoka alipokuwa mpangaji mtandaoni. Nimeonyesha pia kuwa chombo hicho hakikuja mikono mitupu, bali kimekuja na sarufi yake, na kwamba sarufi hiyo inaweza kubadilishwa na watu wanaoijua ya kwetu.

Mwalimu wetu wa Mbagala hahitaji kungoja kiolezo kamili. Anaweza kuanza wiki hii kwa daftari moja, akilinakili ukurasa kwa ukurasa katika mafaili matupu, akaweka lebo ya sw na kuchunga nukuu za ng'. Kalibu ikiboreshwa baadaye, atafyatua upya kurasa zote kwa amri moja, kwa kuwa mchanga na saruji anavyo mwenyewe. Asichoweza kukirudia ni daftari lililoloa. Kwa hiyo, wanafunzi wangu, mtakapokwenda likizo, ulizeni nyumbani kwenu ni nani mwenye sanduku chini ya kitanda.